Eti mlango haufunguki, basi tufe

Juzi rafiki yangu kanitumia picha. Jaguar E-Type, gari la zamani la michezo la milango miwili, limeoshwa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye boneti, limekaa juu ya trela la ekseli mbili. Chini ya picha kaandika: "Kesho alfajiri tunaondoka, kilomita 900. Nishauri tu ninunue turubai gani, vumbi lisije likagusa rangi."

Picha nikaitazama mara mbili. Macho yangu hayakwenda kwenye rangi. Yalikwenda kwenye bampa la nyuma, lililokuwa likichungulia nje ya kitako cha trela, na kwenye nafasi tupu kule mbele, ambayo mbuzi wawili wangelala na kujigeuza. Nikampigia. Mbona gari umelirudisha nyuma namna hiyo? Akanijibu bila hata kusita: "Pale mbele mlango unagonga madigadi ya trela, haufunguki. Sasa ningetokaje?"

Ndiyo maana leo naandika nikiwa na hasira.

Huyu bwana amelifufua gari lile kwa miaka sita. Ameligombania kila nati. Amegombana na fundi wa rangi kuhusu nyekundu ipi ni nyekundu. Halafu siku ya safari, uamuzi mkubwa kuliko yote, yaani gari likae wapi juu ya trela, anauachia mlango. Wala hayuko peke yake. Nimeona mikao ya ajabu kwa sababu hiyohiyo: mlango ufunguke, au mikanda ilikuwa mifupi, au "ndipo liliposimama lenyewe". Trela likija kupinduka, lawama zinaangukia upepo, barabara, dereva wa lori aliyepita, na mwisho kabisa jicho baya la jirani.

Muulize msukuma mkokoteni. Hajasoma fizikia, lakini mwekee magunia nyuma ya magurudumu uone kama atakubali kuondoka. Mishikio itamnyanyuka mikononi, mkokoteni utaanza kumpeleka unakotaka wenyewe, na atakutukana kabla hujamaliza kupakia. Trela ni mkokoteni huohuo, ila mikono inayoushika ni tufe moja la chuma nyuma ya gari linalovuta. Shingo ya trela isipolikalia tufe kwa uzito wa kutosha, mkia ndio unaoamua safari.

Tufanye hesabu, maana rafiki yangu alidai natia chumvi. Gari lake lina takribani kilo 1,250, trela tupu kilo 750, jumla kilo 2,000. Kanuni inayotumika sana Marekani ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye tufe, kwa hiyo tuseme kilo 200. Kutoka tufe hadi katikati ya ekseli za trela lake ni kama mita 4. Ukilisogeza gari nyuma sentimita 40 tu, kiasi cha kufungua mlango, hiyo ni moja ya kumi ya mita 4, na unaondoa kwenye tufe moja ya kumi ya uzito wa gari, kilo 125. Zinabaki 75. Umeshuka chini ya asilimia 4, na bado hujaweka jeki, tairi la akiba na sanduku la spana, ambavyo najua alivitupia ndani ya buti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Ulaya wanavuta na uzito mdogo zaidi kwenye tufe, na matufe mengi ya kule hayaruhusu kilo 200. Sawa. Lakini Ujerumani hiyohiyo inamwambia mwenye trela aende kilomita 80 kwa saa, na anayetaka 100 lazima trela na gari lake vitimize masharti maalumu. Hawa wa kwetu wanachukua uzito wa Ulaya, mwendo wa ambulensi, na ujasiri wa kutojua. Na nakubali pia kwamba ukizidisha uzito mbele, gari linalovuta linakaa kitako, magurudumu ya mbele yanapungukiwa nguvu ya kushika barabara na usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea. Nimekubali mawili, yanatosha.

Haya mambo sikuyasoma tu. Nilikuwa kijana, navuta gari la mjomba aina ya MGB, naye kakaa pembeni yangu akila karanga. Gari tulilirudisha nyuma kwa sababu nilitaka nafasi ya masanduku mbele yake. Ndani ya masanduku mlikuwa na nguo, nyepesi kama manyoya, na mimi nikayapisha. Tukafika kwenye mteremko mrefu, kilomita 95 kwa saa, basi kubwa likatupita. Upepo wake ukalisukuma trela kidogo. Likarudi. Likaenda upande wa pili zaidi, likarudi zaidi. Katika kioo nikaliona MGB kulia, halafu kushoto, kama mtu anayetafuta njia ya kukupita.

Nikakanyaga breki. Karibu kila mtu hukanyaga breki. Gari langu likapungua mwendo, trela halikupungua, likanisukuma kitako na kunigeuza. Tulisimama kwenye majani tukitazama tulikotoka, magurudumu yote chini, kwa rehema tu. Mjomba alishuka, akapangusa maganda ya karanga shatini, akaenda kuligusa gari lake boneti kama mgonjwa. Hakunipa tena ufunguo kwa miaka minne.

Nilichopaswa kufanya ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kuushika usukani ukiwa umenyooka bila kushindana na kila yumbo, na kama ningekuwa na kidhibiti cha breki za trela karibu na mkono, kuzibana hizo peke yake, taratibu. Wale wanaoshauri "ongeza mafuta, trela litanyooka" wajiulize watafanya nini wakishafika mwendo wa juu zaidi na trela bado linacheza.

Kupima ni kazi ya dakika kumi, ndiyo maana sina huruma. Mizani ya bafuni inatosha. Ikiwa mwisho wake ni kilo 120, laza ubao imara, mwisho mmoja juu ya mizani, mwingine juu ya tofali la urefu uleule. Shusha shingo ya trela juu ya ubao kwenye theluthi ya umbali kutoka upande wa tofali, halafu zidisha namba unayoisoma mara tatu. Trela liwe limelala sawa, gari likiwa juu yake na magurudumu yamewekewa vigingi. Haikupendezi? Sogeza gari, pima tena. Ikikupendeza, chora alama ya rangi kwenye sakafu ya trela, usirudie hesabu maisha yako yote.

Nilipomweleza hayo, jamaa akanijia na fikra mpya: "Basi nilipandishe kinyumenyume, mlango utapata nafasi." Nilinyamaza kidogo ili nisiseme nitakachojutia. E-Type injini yake iko mbele. Ukiligeuza, ule mzigo wa chuma unahamia mkiani. Tena boneti lake limebanwa bawaba kwenye pua, linafunguka kuelekea mbele, kwa hiyo upepo wa safari utakuwa unalinyanyua kwa kilomita 900, na lile boneti ni karibu nusu ya gari. Mwenye Porsche 911, ambaye injini yake iko nyuma ya ekseli ya nyuma, ana sababu ya kufikiria kupakia kinyumenyume. Wewe huna.

Mengine nitayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo, ila koo limekauka. Mikanda ifunge juu ya matairi, mwili wa gari uachwe upate kupanda na kushuka kwenye springi zake. Ukifunga fremu, kila shimo linalegeza mikanda. Spoku za rimu si mahali pa kupitisha mkanda, na kabla ya kufunga ndoano kule chini, tazama usije ukaikumbatisha bomba la breki la mwaka 1966. Simama baada ya kilomita 20 ukaze upya, kwa sababu italegea. Minyororo ya usalama ipite chini ya shingo ikiwa imepishana, ishike shingo kabla haijafika lami.

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kuisha. Yanakaa juani mwaka mzima, kashata nzuri, roho imeoza. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hilo tairi usilipe hata baiskeli libebe. Kila unaposimama, pitisha mkono karibu na habu, kile kitovu cha gurudumu. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, beringi inaomba grisi au breki imeng'ang'ania.

Wapo watakaosema gari limeundwa litembee, liendeshwe. Ni kweli, na Bertha Benz mwaka 1888 alitoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, kwa gari la magurudumu matatu. Ukiwa na moyo wake, endesha. Ila kulivuta kwa kamba kilomita 900 magurudumu ya nyuma yakiwa chini, hapana: giaboksi nyingi za zamani hurusha mafuta kwa gia ambazo hazizunguki injini ikiwa imezimwa, na utafika na unga wa chuma badala ya giaboksi.

Na turubai? Hakuna turubai. Kwenye trela la wazi linapigapiga na kugeuka msasa. Vumbi huoshwa.

Jana usiku akanitumia picha nyingine. Gari limevutwa mbele kwa winchi, bampa liko ndani, alama nyeupe imechorwa sakafuni, mizani inasoma 66. Tatizo ni kwamba wakati wa kuvuta alikuwa ameketi ndani akishika usukani, na mlango, kama alivyosema, haufunguki. Picha aliipiga mkewe: kichwa na mkono mmoja nje ya dirisha, suruali imenaswa na kiwiko cha gia, na maneno chini yake, "Shemeji, wewe ulimwambia hivi?"