Kuongeza oili ya gia si kuibadilisha

Muulize mwenye trekta ni lini alibadilisha oili ya injini, atakutajia bila kufikiri sana, pengine pamoja na saa zilizosomeka kwenye mita. Muulize sasa kuhusu oili ya giaboksi na difu, zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu. "Ile huwa naongeza tu ikipungua." Jibu hilo nimelisikia kwa watu makini kabisa, watu wasioweza kulaza trekta likiwa na plau lenye udongo, na kila nikilisikia roho inaniuma, kwa sababu na mimi nimelitoa miaka mitatu mfululizo.

Kinachotudanganya ni macho. Oili ya injini inakaa jirani na moto, inakusanya masizi, na saa zake zikitimia inatoka nyeusi tii hata mtoto anajua imechoka. Oili ya gia haipati masizi. Unachomoa dipstiki baada ya miaka minne, unakuta rangi ya asali, unairudisha umeridhika. Rangi hiyo haikuonyeshi kwamba viambato vinavyozuia meno ya gia yasisagane vimekwisha nguvu, wala kwamba chembe za chuma laini kama unga zinazunguka humo kutwa nzima zikipita kwenye beringi. Ukiongeza lita mbili mpya juu yake, zinakwenda kuchanganyika na uchafu uleule. Hakuna kilichotoka.

Tena kwenye matrekta mengi oili hiyo si ya gia peke yake. Tangu enzi za Ferguson TE20, lililoanza kutengenezwa mwaka 1946, oili moja ndiyo inayolainisha giaboksi na difu na ndiyo hiyohiyo inayoinua mikono ya nyuma inayobeba plau. Kwenye Massey Ferguson 135 pampu ya haidroliki imezama humohumo ndani ya nyumba ya difu na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana. Matrekta mengi yaliyofuata yakaongezewa breki zinazofanya kazi zikiwa ndani ya oili, na klachi ya PTO ikawekwa humo pia. Pampu inataka oili nyepesi na safi. Gia zinataka utando usiokatika mzigo ukiwa mkubwa. Breki nazo zinataka oili isiyoteleza kupita kiasi, la sivyo zinapiga kelele na kutetemeka. Kwa maoni yangu hakuna oili nyingine kwenye trekta inayobebeshwa kazi ngumu kama hii, na ndiyo tunayoisahau.

Trekta langu nililinunua likiwa limeshatumika. Dipstiki ilionyesha kiwango sawa, nikaamini. Msimu wa mvua wa tatu mikono ya nyuma ikaanza kupanda kwa kusitasita, na pampu ikawa inalia asubuhi. Fundi wa kwanza akasema pampu imekwisha, na ningemsikiliza ningekuwa nimenunua pampu. Wa pili, mzee asiye na maneno mengi, alilegeza boliti ya chini kabla hata hatujawasha. Kilichotangulia kutoka kilikuwa maji. Maji ni mazito kuliko oili, trekta likilala yanashuka chini kabisa. Baada ya maji ikafuata oili nyeupe kama maziwa. Mpira wa chini ya mkono wa gia ulikuwa umechanika, na trekta lilikuwa likilala nje, kwa hiyo kila mvua ilikuwa inachangia kidogo. Na mimi kila kiwango kilipobadilika nilikuwa naangalia kama kimepungua. Kupanda kwake hakukunishtua hata siku moja. Chujio la kunyonyea lilikuwa limezibwa na tope la kijivu, pampu ilikuwa inalia kwa kukosa oili. Pampu yenyewe ilikuwa nzima. Beringi moja ya shafti ndiyo haikupona, kutu ilikuwa imekwishaitoboa vishimo vishimo.

Tulilazimika kubadilisha mara mbili. Oili ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu ikarudi kuwa na ukungu, kwa sababu huwezi kutoa kila tone. Nyingine inabaki kwenye silinda, kwenye mabomba na kwenye nyumba za ekseli. Anayekuta maziwa na kubadilisha mara moja tu ajue bado hajamaliza.

Kuhusu oili gani ya kuweka, hapa ndipo ninapogombana na watu. Neno "inafaa matrekta yote" lililoandikwa kwenye dumu mimi silitegemei. Mwaka 2017 jimbo la Missouri nchini Marekani lilipiga marufuku uuzaji wa oili za trekta zilizokuwa zikiuzwa kwa jina la "303". Jina hilo lilianzia kwenye oili ya zamani ya John Deere iliyokuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake, na matumizi ya mafuta hayo yalikoma Marekani miaka ya 1970. Oili yenyewe ikafa, jina likabaki, na kwa kuwa hapakuwa tena na kipimo chochote nyuma ya jina hilo, mtu angeweza kujaza ndani ya ndoo chochote alichonacho. Wakulima walinunua namba waliyoizoea. Kwa hiyo mimi nafungua kijitabu cha trekta, natafuta alama kamili anayoitaka mtengenezaji, kisha naitafuta alama hiyohiyo kwenye mgongo wa dumu. Isipokuwepo, nalirudisha dumu rafuni.

Trekta lenye nyumba moja ya gia, haidroliki na breki kwa kawaida linataka oili ya aina ya UTTO, yaani oili moja iliyotengenezwa kwa kazi zote hizo. Ukilimiminia oili nzito ya gia, kwa kuwa tu jina lake ni oili ya gia, pampu itahangaika kuivuta ikiwa baridi na breki zitaanza kupiga kelele. Kwenye matrekta ya zamani yenye giaboksi iliyojitenga ni habari nyingine, huko oili nzito ya gia, SAE 90 (SAE ni kipimo cha uzito wa oili), inaweza kuwa ndiyo sahihi. Ila angalia GL-4 na GL-5, ambayo ni madaraja ya oili ya gia. Wengi wanadhani 5 ni bora kwa kuwa imezidi 4. GL-5 imeongezewa viambato vya salfa na fosforasi kwa ajili ya gia zenye msuguano mkali, na viambato hivyo vinaweza kula vipuri vya shaba na jamii yake, kama bushi na pete za kuingizia gia. Pia usilinganishe namba za oili ya gia na za injini. SAE 90 ya gia ina uzito unaokaribiana na SAE 40 au 50 ya injini. Vipimo ni viwili tofauti.

Kazi yenyewe haihitaji ufundi mkubwa. Inahitaji subira. Fanyia kazi trekta kwanza ili oili ipate moto na uchafu uinuke, kisha lisimamishe mahali tambarare, weka vizuizi kwenye tairi, shusha mikono ya nyuma mpaka chini ili silinda imwage oili yake. Kabla hujagusa boliti ya kumwagia, hakikisha ya kujazia inafunguka. Nimeona trekta limemwagwa lote, halafu boliti ya juu ikakataa kutoka kwa kutu, likabaki limekaa pale bila tone. Tafuta boliti zote za chini, kwani mara nyingi ni zaidi ya moja: ya giaboksi, ya difu, na wakati mwingine za kila upande wa ekseli. Andaa vyombo vya kutosha, oili hii ni nyingi kuliko ya injini kwa mbali, na usiache hata kidogo iende ardhini.

Ikiwa boliti ina sumaku, usiifute haraka. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyenye kona, au magamba yanayong'aa, vina maana kuna jino au beringi inayovunjika, na hapo hakuna sababu ya kujaza oili mpya kabla fundi hajafungua. Osha chujio la kunyonyea, badilisha filta na oringi zake, safisha na kitundu cha kupumulia. Kitundu hicho kikiziba, hewa inayopanuka kwa joto inatafuta njia kupitia kwenye sili, na watu wanabadilisha sili mara tatu bila kujua kosa liko wapi.

Ukishajaza, washa, inua na kushusha mikono mara kadhaa, geuza usukani kama unatumia oili hiyohiyo, kisha zima, subiri, upime upya. Kiwango kitakuwa kimeshuka kwa sababu filta na silinda zimejaa. Hapo ndipo kuongeza kuna maana.

Saa za siku ile niliziandika kwa rangi ndani ya madigadi, mahali ambapo sitaweza kuzipita bila kuziona. Na kila mvua zikikatika, asubuhi kabla ya kuwasha, nalegeza boliti ya chini taratibu mpaka tone la kwanza lianguke kwenye kopo jeupe. Mara hii limetoka rangi ya asali, na nimelitazama kwa muda mrefu kabla ya kukaza.