Kabla ya Vijifereji vya Silikoni, Nipeni Mlango wa Vumbi

Jumanne iliyopita mama mmoja mwenye saiba kule Kayole aliniletea kompyuta ya mezani akiwa ameifunga kwa leso. "Fundi, hii mashine inajizima. Mtoto wa watu anajaza fomu ya chuo, anafika mwisho, mara skrini nyeusi. Nimerudisha pesa za watu mpaka nimechoka."

"Unaiweka wapi, mama?"

"Chini, karibu na mlango. Kwingine kuna nafasi gani?"

Nilipoondoa kifuniko sikuyaona mapezi ya alumini, yale yanayotoa joto, juu ya prosesa, ubongo wa mashine. Niliona blanketi la kijivu, zito, lenye unata. Jirani yake anakaanga chipsi. Mvuke wa mafuta huingia pamoja na vumbi la barabara, vikishikana vinakuwa tope ambalo bulowa haliwezi. Unakwangua kwa mswaki na spiriti. Prosesa ilikuwa inagonga nyuzi 97 kwa kazi ya kufungua kurasa chache tu.

Usiku huo nikarudia kusoma habari ambayo Microsoft waliitoa Septemba 2025. Wamechonga vijifereji vyembamba kama unywele mgongoni mwa silikoni yenyewe, kile kipande kinachofanya hesabu ndani ya prosesa; kimiminika kinapita humo na kubeba joto palepale linapozaliwa. Wanasema katika majaribio yao njia hiyo iliondoa joto hadi mara 3 zaidi ya vibao vya kupozea vinavyobandikwa juu ya prosesa sasa. Moyo ulinidunda, sitaficha. Kisha nikakumbuka lile blanketi, hasira zikanipanda.

Kwamba joto ni tatizo la kweli, hilo sibishi. Prosesa ya Intel, Core i9-14900K, inaweza kula wati 253, na kipande chake cha silikoni hakifiki sentimita 3 za mraba. Pasi ya wati 1,000 hutandaza joto lake kwenye bamba zima linalofunika kola na bega la shati. Gawanya mwenyewe uone ni kipi kinachochoma zaidi kwa kila sentimita. Lakini kila ripoti ya kipoza kipya hupima nyuzi za siku ya kwanza, ndani ya chumba safi. Mimi nataka nyuzi za mwaka wa tatu, karibu na mlango, jirani akikaanga. Kijifereji cha upana wa unywele kikizibwa na uchafu, nani atakizibua? Hapa Luthuli, barabara yetu ya mafundi Nairobi, hakuna bisibisi ya kuingia humo. Vituo vikubwa vya data vina vichujio na wahandisi wa zamu. Sawa, wakitumie huko.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yuko mtu aliyewahi kulifikiria vumbi. Mwaka 2011, Jeff Koplow wa maabara ya Sandia huko Marekani alionyesha kipoza ambacho mapezi yenyewe ndiyo yanayozunguka. Katika kipoza cha kawaida, feni hupuliza mapezi yaliyotulia, na utando wa hewa iliyolala huyang'ang'ania kama shuka, ukizuia joto kutoka. Koplow aliyazungusha mapezi ili utando huo uwe mwembamba, nalo vumbi likose pa kutua. Kati ya bamba la chini na sehemu inayozunguka kuna mwanya wa hewa wa takriban milimita 0.03, na joto linauvuka. Niliposoma mara ya kwanza nilisimama. Nilisema: huyu angekuwa jirani yangu wa kibanda.

Ikachukua miaka. Mwaka 2017 Thermaltake wakauza Engine 27, kipoza cha kimo cha milimita 27 kilichojengwa juu ya wazo hilo, kwa prosesa za hadi wati 70. Waliokipima waliona feni za kawaida za bei nafuu zinakikaribia au kukipita, wakakiacha. Kwa nyuzi za siku ya kwanza, walikuwa sahihi, nakubali. Lakini kompyuta zinazotufikia Nairobi, zile za ofisi za Ulaya zilizokwisha kutumika, nyingi ni za wati 65. Kipoza cha wati 70 kisichoshika vumbi kingewafaa watu wangu kuliko vyote vilivyokishinda.

Tena tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa liko chini ya la Mombasa kwa asilimia 18 hivi, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu. Baridi yetu ya Julai inatusaidia kidogo. Boksi la kipoza halinitajii hilo.

Vipoza vya umeme vya Peltier, vibao vinavyopoa upande mmoja umeme ukipita, hula stima na kutoa umande juu ya bodi, sitaki kuviona. Kuzamisha mashine nzima ndani ya kimiminika kulifanyika kwenye kompyuta kubwa ya Cray-2 mwaka 1985, na uzuri wake naujua, ila saiba haihitaji tangi.

Nakiri jambo moja kwa shingo upande. Zile paipu za shaba za kubeba joto zilizomo karibu kila kipakatalishi ninachofungua zilitokana na kazi ya George Grover huko Los Alamos mwaka 1963, zikilenga vyombo vya anga. Leo nazing'oa na kuzirudisha kwa dakika kumi. Kwa hiyo maabara si adui yangu.

Ninachoomba ni kidogo: kichujio mbele ya feni, kinachotoka kwa skrubu moja, kinachooshwa kwa sabuni. Vipakatalishi vingi vinanidai skrubu kumi na utepe mwembamba wa kibodi kabla sijaigusa feni, na utepe huo ukikatika mteja ananilipa machozi.

Mashine ya mama ilitoka na nyuzi 64. Nilimkatia kipande cha wavu wa dirisha, nikakifunga mbele ya feni kwa vifungo viwili vya plastiki, nikamwonyesha jinsi ya kukikung'uta kila Jumamosi. Akaniuliza, "Fundi, kwa nini haikuja nacho?"