Wikendi ya London: muziki ni nafuu, kukaa pamoja ndiko ghali

Wengi tuliohamia London tunapita nje ya kumbi za muziki tukiamini mle ni kwa wenye nazo. Si kweli. Kwenye Proms, tamasha la kiangazi la Royal Albert Hall, nafasi ya kusimama mbele ya jukwaa ilikuwa pauni 8 mwaka 2024, na tiketi hizo huuzwa siku ileile. Wigmore Hall, ukumbi mdogo wa viti 552, una onyesho la Jumapili saa tano na nusu asubuhi: kama saa moja, bila mapumziko, na kahawa ya baadaye imo ndani ya bei.

Kinachotuponza ni saa. Ukichelewa unasubiri nje hadi wanamuziki watue kidogo. Jumapili njia nyingi za reli hufungwa kwa matengenezo, basi tazama safari yako usiku wa Jumamosi. Halafu makofi: simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra, kwa kawaida ina sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu watu hukohoa tu. Ngoja kondakta, yule anayeongoza wapigaji, ashushe mikono. Kwa aliyekulia kwenye taarabu, ambako ubeti ukikugusa unainuka kwenda kumtunza mwimbaji palepale, kimya kile ni kizito, na mimi nasema desturi yetu inamtendea haki zaidi msanii. Ila natamani taarabu asilia, ya ala za kanuni, udi na fidla, iliyolelewa na kikundi cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar tangu 1905, nayo ipewe saa isiyoyumba.

Pesa huyeyukia mgahawani. Nyumbani aliyealika ndiye hulipa. Huku kila mtu hulipa chake, na mara nyingi meza mnapewa kwa saa mbili tu. Bili huongezwa asilimia 12.5 ya huduma. Si lazima, ukihudumiwa vibaya omba waiondoe. Lakini tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwenye mgahawa awape wafanyakazi fedha hizo zote, kwa hiyo usiwanyime kwa ubahili. Maji ya bomba ni bure, yaombe.

Marafiki waalike nyumbani, wale pilau. Watu wanane: mchele wa basmati kilo moja, nyama kilo moja na nusu. Nyama na supu viive Jumamosi. Ukitoka Wigmore Hall saa sita na nusu, umebaki mchele tu. Loweka nusu saa. Vikombe viwili vya mchele, vitatu vya supu. Ukimimina kwa mazoea ya mchele wa nyumbani utapata bwabwa. Makaa ya kupalia juu ya mfuniko hatuna, hivyo funika sufuria kwa karatasi ya foili, weka mfuniko usio na kishikio cha plastiki, kisha uitie ovenini kwa nyuzi 150, dakika ishirini. Dirisha lifunguliwe kabla vitunguu havijaanza kubadilika rangi, maana king'ora cha moshi hakisubiri viungue.