Nilianguka Kwanza, Uraka Ukafuata

Kwa kuwa picha yangu nikiwa nimelowa uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, imekwisha kuzunguka, na kwa kuwa baadhi yenu mmenitumia salamu za pole zilizoandikwa na watu ambao ni dhahiri walikuwa wakicheka, naona nina haki ya kueleza mpangilio wa matukio. Nilianguka kwanza. Uraka ulifuata. Rafiki yangu wa kazini, mzaliwa wa Newala, aliyepiga picha ile na kuisambaza kabla hata sijainuka, hakusema uongo mwingi. Aligeuza tu mpangilio huo, na kwa kugeuza huko nimekuwa mlevi wa saa nne asubuhi katika mkoa ambao sina hata shangazi wa kunitetea.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wa pili natafuta riziki Mtwara. Jumamosi zangu huzitumia kutembea. Mikindani nimekwenda mpaka wauza pweza wananiita jirani, na Msimbati nimeogelea mpaka nikababuka. Lililobaki lilikuwa Shimo la Mungu, kule Newala, ambako uwanda wa Makonde hukatika ghafla na kukuacha ukitazama bonde, mto Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo yake. Mtu mwenye akili zake hufika hapo, akatazama, akapiga picha, akarudi mjini kula. Mimi nilikwenda na baiskeli.

Baiskeli yenyewe ni ya mlimani, mtumba wa kutoka Ujerumani, yenye shokapu mbele na tairi nene. Nilikuwa nimetazama video nyingi za waendeshaji wa Whistler, kule Kanada, wakiteremka katikati ya miti kama maji ya bomba, na nilijua nadharia yote: usikae juu ya kiti, simama kwenye pedeli, rudisha makalio nyuma, tazama mbali, na breki ya mbele iguse kwa adabu. (Naomba mkumbuke kwamba mteremko mkali kuliko yote niliyowahi kuikabili kwa baiskeli ni ule wa kushukia kivukoni Likoni, na hata huo hushuka nikiikokota.) Kichwani nilivaa helmeti ya bodaboda niliyoazimwa, ambayo mwenyewe aliniomba nisiichafue.

Njia tuliyoichagua ni ya miguu, iliyochimbwa na vizazi vya akina mama walioteremka bondeni kuchota maji, kwa sababu juu ya uwanda maji ni shida tangu zamani. Mita mia za mwanzo nilizimaliza vizuri, tena kwa madaha, nikimsikia rafiki yangu akishangilia nyuma. Kisha njia ikapinda, na kwenye kona nikamwona mama mmoja anapanda na ndoo ya maji kichwani.

Hapa naomba tuende polepole, kwa maana hapa ndipo heshima yangu iliposalia. Kwetu breki ya mkono wa kulia hushika tairi ya mbele, na ya kushoto hushika ya nyuma. Mimi, kwa kuheshimu nadharia, niliuacha mkono wa kulia upumzike, nikaibana ya kushoto kwa nguvu zote nilizopewa na Mola. Wajerumani hufunga breki zao kinyume. Tairi ya mbele ilisimama pale pale kama mbuzi aliyeona maji. Tairi ya nyuma, ambayo haikuwa na habari, iliendelea na safari kwa kupitia hewani. Kiti kilinigusa mgongoni taratibu, kama mtu anayekuomba upite mbele. Nikaiona mikorosho ikiwa na mizizi juu. Nikamwona yule mama, wima kabisa, wala hakuinua mkono kuishika ndoo yake. Nikaviona viatu vyangu, na nyuma ya viatu vyangu Msumbiji.

Niliketi, na nasema niliketi kwa sababu sikulala, ndani ya beseni kubwa la mabibo yaliyopondwa. Chini ya mkorosho ule alikuwapo bibi mmoja akikamua maji ya mabibo, na pembeni yake palikuwa na ndoo ya uraka wa tangu jana, uliokwisha kuchachuka, ambayo mguu wangu wa kulia uliikuta na kuimimina yote kifuani mwangu. Ulikuwa wa baridi. Bibi alishusha mwiko wake, akanitazama kuanzia helmeti hadi viatu, akasema, "Pole, mwanangu." Kisha akanyamaza kwa muda wa heshima, akauliza, "Na beseni langu?"

Ndipo niliposikia simu ya rafiki yangu ikilia kacha.

Yaliyofuata ni mafupi. Beseni na uraka nimelipa. Kidevu kimeshonwa nyuzi tatu na muuguzi aliyenusa hewa mara mbili kabla ya kuniuliza kama nimeanguka au nimeangushwa. Shati lilikuwa jeupe, na waliokulia kwenye korosho wamekwisha kuniambia kwamba doa la bibo halitoki, kwa hiyo msiniletee habari za ndimu na chumvi. Mwenye nyumba wangu, mzee asiyekosa safu ya kwanza msikitini, alinifungulia lango usiku ule, akavuta pumzi, akasema, "Mwanangu, kwenu wanajua kwamba unaishi hivi?"

Wanajua, mzee. Picha ilifika kwetu Kisauni, Mombasa, kabla mimi sijafika Mtwara. Mama alinipigia simu, nikamweleza habari ya breki za Wajerumani tangu mwanzo hadi mwisho, kushoto na kulia, bila kuacha kitu. Alinisikiliza kwa utulivu mkubwa. Kisha akauliza kama uraka ni mtamu.