Ilula haihitaji kiwanda kwanza, inahitaji mizani

Kila nyanya zikishuka bei, wasemaji hawakosi: Ilula, huku kwenye nyanya mkoani Iringa, ijengewe kiwanda cha kusindika! Wanalisema wakiwa wameegesha gari dakika tano kando ya barabara kuu, wamenunua ndoo moja kwa bei ya kutupa, halafu huyoo, wanauteremka mlima Kitonga kwenda Dar. Iringa mjini, isiyofika hata kilomita 50 kutoka hapo, nao wanaimba hivyo hivyo.

Kiwanda kije, sawa. Lakini kiwanda hununua kwa kilo, na Ilula nyanya zinauzwa kwa tenga, yaani kasha la mbao. Tenga halina kilo. Fundi analipigilia kwa saizi anayotaka mnunuzi, na likishajaa linaongezwa kilemba, rundo la nyanya juu ya ukingo, kisha majani na kamba. Tuseme kilemba kina kilo 8 tu: mwenye matenga 100 ametoa kilo 800 sadaka, bila hata asante. Lumbesa ya viazi na vitunguu, gunia linaloshindiliwa kupita kipimo, tumeipigia kelele miaka nenda rudi. Ya nyanya inapita kimya kwa kuwa haina gunia!

Na kilemba hicho hicho ndicho kinachoua mzigo. Tenga likipangwa juu ya jingine, uzito unakaa kwenye nyanya badala ya kukaa kwenye mbao. Zinapasuka, maji yanazichuruzikia za chini, na joto la lori linamalizia. Hasara ya Dar inarudishwa shambani safari ijayo, kwenye bei.

Mizani ya jukwaa sokoni, basi. Pima kwanza tenga tupu, tena kavu, maana mbao iliyonyeshewa ina uzito wake. Jaza hadi usawa wa ubao wa juu, pima tena, toa uzito wa tenga tupu. Chuma nyanya zikianza kupiga wekundu, umande ukishakauka, ondoa vikonyo, ndivyo vinavyotoboa jirani, weka kivulini. (Kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, tumpe siku yake, leo ni zamu ya wanadamu.)

Kreti za plastiki ni bora, hazichubui na zinabebana vizuri. Ila mwenye lori ana hoja, ingawa sipendi kuisema: kreti tupu lazima zirudi kutoka Dar, na nafasi garini inalipiwa, wakati tenga la mbao linaachwa huko huko. Haya, libaki la mbao. Liwe na saizi moja soko zima, na fundi apewe kipimo na soko, asipewe na mnunuzi.