Tuhesabu fedha zinazobaki, si vichwa vinavyoshuka uwanjani

Kila zikitoka takwimu za wageni walioingia Zanzibar, habari huwa ni ile ile: tumevunja rekodi. Mwaka 2023 waliingia wageni wa kimataifa 638,498. Mwaka 2024 wakafika 736,755, ongezeko la zaidi ya asilimia 15. Kwa visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilikuta vina watu 1,889,773, wageni hao ni wengi kweli, na sioni kwa nini mtu ayabeze mafanikio hayo. Ninachokikataa ni kuichukua idadi ya vichwa tukaifanya kipimo cha faida.

Utalii ni mgumu kuupima kuliko watu wanavyodhani. Kilimo kina mstari wake kwenye hesabu za uchumi, uvuvi una wake, ujenzi nao una wake. Utalii hauna. Umetawanyika: kidogo umo kwenye malazi na chakula, kidogo kwenye usafiri, kidogo dukani, kidogo kwenye burudani. Dereva wa teksi humchukua mtalii asubuhi kumpeleka Nungwi, jioni akampeleka mgonjwa Mnazi Mmoja, na fedha zote mbili huingia safu moja ya usafiri. Ili uzitenganishe lazima uulize aliyelipa ni nani, mgeni au mwenyeji. Hiyo ndiyo kazi ya akaunti ya satelaiti ya utalii, ambayo Kanada ilikuwa ya kwanza kuitoa mwaka 1994, na Umoja wa Mataifa ukaidhinisha mwongozo wake mwaka 2000. Huweka matumizi ya wageni upande mmoja na uzalishaji wa ndani upande wa pili, kisha huonyesha ni kiasi gani cha uzalishaji huo kilitokana na mgeni.

Tumezoea kuwasikia viongozi wetu wakisema utalii ni karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar. Asilimia hiyo inaweza kuwa kweli kabisa na bado mtu wa Kiwengwa, pwani yenye mahoteli, asiione. Pato la ndani huhesabu kilichozalishwa hapa, haliulizi kimekwenda kwa nani. Faida ya hoteli inayomilikiwa na mtu aliyeko Ulaya imo ndani ya pato letu, hata kama mwisho wa mwaka yote inahamishiwa benki ya huko. Na kuna fedha ambazo hazikufika kabisa. Mgeni anayelipia kila kitu kwao, ndege, chumba, chakula na vinywaji, hukabidhi fedha zake kwa wakala wa nchi yake, na kinachotumwa Zanzibar ni sehemu tu. Akishafika, amevaa utepe mkononi, chakula kimeshalipiwa, hana haja ya kutoka nje ya geti kutafuta pweza wa kuchoma.

Tuingie jikoni, kwa sababu hapa ndipo pananiuma zaidi. Tungule na mbatata zinazoliwa mahotelini nyingi huvuka bahari kutoka bara. Nyama, siagi, jibini na mvinyo hutoka mbali zaidi. Shilingi ya mgeni ikinunua samaki wa mvuvi wa Matemwe, mvuvi ataipeleka kwa fundi wa ngalawa, fundi ataipeleka dukani, na mwenye duka atalipia skuli ya mtoto. Ikinunua jibini iliyoletwa kwa ndege, imeondoka siku hiyo hiyo. Kwenye orodha ya matumizi ya wageni shilingi hizo mbili ni sawa. Kwa uchumi wa kijiji si sawa hata kidogo.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, ulitupa nafasi ya kujichunguza. Wageni waliporomoka kutoka 538,264 mwaka 2019 hadi 260,644, chini ya nusu. Lakini uchumi wa Zanzibar haukuanguka. Ulikua kwa asilimia 1.3. Hapana shaka miezi ya mwanzo wa mwaka ilisaidia, na sekta nyengine ziliendelea. Hata hivyo, kwa familia za pwani, wapishi, wenye boti na wauza vinyago, mwaka ule ulikuwa njaa. Tofauti baina ya takwimu ile na hali ile ndiyo inayonifanya niamini kwamba wastani wa Zanzibar nzima unaficha mambo mengi.

Kipimo chetu pia kinawaacha wengine nje ya hesabu. Watu wa bara wanaojaza boti za Dar es Salaam wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara hawamo kwenye hesabu ya wageni wa kimataifa, nao wanalala, wanakula na wanakodi gari. Jamaa zetu wanaoishi Ghuba wakija sikukuu hulala kwa dada zao, si hotelini, lakini fedha zao huishia masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, mikononi mwa watu wetu moja kwa moja. Kwa maoni yangu mgeni wa namna hiyo anaweza kuacha zaidi kuliko yule wa utepe, ingawa hakuna anayempigia ngoma uwanja wa ndege.

Halafu Pemba. Ukisema utalii ni asilimia kadhaa ya pato la Zanzibar, umeichanganya Paje ya Unguja na Konde ya Pemba katika sentensi moja. Pemba ina msitu wa Ngezi, ina Misali na matumbawe yake, lakini hoteli ni za kuhesabika, na kwa mkulima wa Wete bei ya karafuu bado ina uzito kuliko idadi ya ndege za kukodi zinazotua Unguja. Kodi, barabara na mafunzo vikipangwa kwa wastani, Pemba hupewa sera ya uchumi isiokuwa nao.

Ninachokitaka hakihitaji maajabu. Mikoa yetu ni mitano tu. Kila mradi wa utalii una leseni, na kila hoteli ina vitabu vya manunuzi na orodha ya wafanyakazi. Leseni iambatane na fomu ya maswali machache: ulinunua nini, kutoka wilaya gani au nje ya Zanzibar, umeajiri wangapi na wanatoka wapi, kwa mkataba wa miezi mingapi. Majibu yajumlishwe kwa mkoa na yachapishwe siku ile ile inapotangazwa idadi ya wageni, kwenye ukurasa mmoja, ili mwandishi wa habari asiweze kuchukua moja akaliacha jengine.