Kabla ya kuitukana darktable

Kijana mmoja ninayepiga naye picha alileta faili ghafi (RAW, data ya kamera kabla haijapikwa kuwa picha) ya Kituku, ufukoni mwa ziwa hapa Goma: alfajiri, mitumbwi inarudi na samaki wadogo wa sambaza, mawe ya volkano yamelowa ufukoni. Akaifungua kwenye darktable, programu huria ya kuhariri picha (kwa herufi ndogo, ndivyo wenyewe wanavyoiandika), akaikodolea macho kidogo, akaniambia: "Kaka, hii programu imeua picha yangu." Kwenye kioo cha kamera anga lilikuwa buluu na mawe meusi tii. Kwenye mashini vyote vilikuwa rangi ya majivu. Jioni hiyohiyo akarudi kwenye Lightroom yake, programu ya kulipia ya Adobe, ile ya kraki (iliyovunjwa kufuli isilipiwe) aliyowekewa kwa flashi.

Hukumu hiyo nimeisikia sana hapa Goma: programu huria ni ya bure kwa kuwa ni duni. Wanaoitoa si wajinga, nitawapa haki yao. Lakini mengi ya wanayolalamikia si makosa ya programu.

Tuanze na hayo majivu. Alichokiona nyuma ya kamera si faili ghafi. Ni JPEG ambayo kamera imeipika yenyewe na kuificha ndani ya faili: imekoleza rangi, imekaza weusi, imenoa kingo. Lightroom nayo, ukifungua tu, inapaka mapishi ya Adobe, ndiyo maana picha inaonekana imeiva. darktable inakuwekea mbele sambaza walio karibu wabichi, chumvi na moto. Anayehukumu dakika ya kwanza anawahukumu samaki ambao hawajaiva.

Na ubichi huo ndio utajiri wenyewe. Kamera nyingi za leo huandika faili ghafi kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. JPEG ina ngazi 256. Kwa mandhari ya kwetu tofauti hiyo unaiona kwa macho. Tunapiga mawe meusi chini ya mawingu meupe, fremu moja. Ukiyapendelea mawingu, mawe yanakuwa shimo. Ukiyapendelea mawe, mawingu yanaungua.

Nina picha za usiku za kabla ya mlipuko wa 22 Mei 2021, wekundu wa volkano ya Nyiragongo ukiwa umepanda mawinguni. Katika JPEG, kiini cha ule wekundu ni doa la njano lisilo na kitu ndani. Sababu inajulikana: nyekundu inajaa kwanza na kugota, kijani inaendelea kupanda, rangi inateleza kwenda njano. Moduli (kifaa kimoja cha kuhariri ndani ya programu) ya filmic, iliyoingia darktable mwishoni mwa 2018, na sigmoid iliyofuata mwaka 2022, zinaubana mwanga mkali taratibu bila kuiachia rangi iteleze ovyo. Nilizifungua upya zile faili, na ndani ya doa mkatokea mikunjo ya moshi, nyekundu juu ya nyekundu. Nilikaa nazo mpaka betri ikaisha.

Sasa upande wa pili. Lightroom inachagua anga kwa kubonyeza mara moja, na tangu Aprili 2023 inasafisha chengachenga za usiku kwa akili bandia, vizuri mno. Mimi kwenye darktable anga nalichora kwa mkono, au nalitega kwa rangi na mwanga wake. Moduli nazo zimerundikana. Filmic, sigmoid na ile kongwe ya base curve zote zinafanya kazi moja, na anayeanza hana wa kumwambia ashike ipi. Watengenezaji wenyewe wamegombania msongamano huo: Aurélien Pierre, aliyeandika filmic, alijitenga akaanzisha Ansel, programu yake iliyochipuka kutoka darktable. Isitoshe, bila kadi nzuri ya michoro mashini inahema. Mwenye arusi ya Jumamosi na picha mia nane za kukabidhi Jumatatu, simshauri ajifunzie darktable wiki hiyo.

Ila jamani, tunalinganisha nini na nini? Mabishano yote yanaiweka darktable kando ya Lightroom inayolipiwa. Hapa kwetu anailipia nani? Inataka kadi ya benki kila mwezi, na mwanzoni mwa 2025 benki za Goma zilifungwa. Malipo yakikatika, Lightroom Classic inafunga chumba chake kikuu cha kuhariri: picha zako unaweza kuzitazama na kuzitoa, lakini humo huingii tena. Oktoba 2019 Adobe ilitangaza kuzima akaunti zote za Venezuela kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kabla mwezi haujaisha ilipata kibali cha kuendelea kuzihudumia, lakini katikati hapo wapigapicha wa nchi nzima waliona kazi yao ikitishiwa na amri ambayo hawakuhusika nayo kwa lolote. Kisa hicho hakinitoki kichwani.

Kwa hiyo mshindani halisi wa darktable mjini hapa ni kraki, na kraki ina bei yake. Wengi wanayo Lightroom 6, ya mwisho kununuliwa mara moja tu. Iliacha kupokea kamera mpya mwishoni mwa 2017. Faili za CR3, faili ghafi za kamera mpya za Canon, zilianza 2018. Ukibahatika kupata kamera mpya, kraki haiitambui, unaanza kusaka nyingine, na flashi inakuletea na virusi vyake. darktable unaishusha mara moja kwa mega zako, unawagawia wenzako kumi kwa flashi ileile, na leseni inaruhusu. Uhariri wako unakaa kwenye kifaili cha XMP kando ya picha, maandishi matupu unayoweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia.

Ile faili ya Kituku yule kijana aliniachia. Juzi alipita, nikamwomba aguse moduli mbili tu, exposure (ya kuongeza au kupunguza mwanga) na sigmoid, zingine aziache. Mawe yalirudi, na maji juu yake yakang'aa. Vivuli amevinyanyua kupita kiasi, mtumbwi wa nyuma unaonekana kama umemulikwa na taa ya gari. Nimemwachia hivyo hivyo.